Mpira wa Arobaini-Thelathini

Al Mansoura, Doha
23 Februari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kibarazani, jua la asubuhi likikupiga magotini na chai iko karibu. Mimi sijambo. Kazi ipo, chakula kipo, na kikohozi cha vumbi kinakuja na kwenda, hakibishi hodi. Macho yanaendeleaje? Melissa ananiambia siku hizi unamimina chai nje ya kikombe, halafu unamlaumu kwamba amekisogeza. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana dadangu si mtu wa kuongeza chumvi.

Nimemwomba awe anachapisha barua zangu kwa herufi kubwa pale kazini kwake, ili uzisome mwenyewe kwa kile kioo chako cha kukuzia. Zako atazipiga picha na kunitumia kwa simu. Sitaki mtu akusomee. Nina jambo ambalo sikuwahi kukwambia.

Nimebadilisha kazi tangu Novemba. Zile kompyuta za ofisini nimeziacha. Sasa niko kwenye tenisi. Ndiyo, Baba, tenisi. Neno ambalo mimi na wewe tumelizunguka miaka kumi na minane kama shimo la barabarani.

Sichezi. Nakaa kwenye chumba cha baridi juu ya uwanja, mimi na Mutai wa Bomet ambaye ni mkubwa wangu wa zamu, tunatazama skrini. Kuna kamera kumi na mbili kuuzunguka uwanja. Mpira ukitua, kompyuta inajua umetua wapi kabla mchezaji hajainua kichwa. Ukiwa nje, sauti inatoka kwenye vipaza sauti: "Auti!" Ni sauti ya mtu aliyerekodiwa siku moja, mahali fulani, na sasa anaita mipira ambayo hataiona kamwe. Mchezaji akibisha, tunamwonyesha picha kwenye skrini kubwa: mstari mweupe, alama ya mpira imelala kando yake, na katikati kuna nafasi ndogo ya ukucha. Uwanja mzima unasema "Aaah," na maneno yameisha.

Waamuzi wa mstari hawapo tena. Nimetazama pale nyuma ambapo wangekuwa wamesimama, wameinama, mikono magotini, nikaona ukuta mtupu. Jioni taa zikiwaka na vumbi likiwa hewani, uwanja unaelea, ungeapa hauna ardhi chini. Mpira unakwenda na kurudi na hakuna binadamu anayeuchunga. Wakati mwingine najisahau hapo kitini, nahisi nimeingia kwenye ndoto ya mtu.

Na kwenye ndoto zangu mwenyewe, Baba, uko pale. Umevaa kofia nyeupe ya klabu. Mimi naupiga mpira, unapanda, unapita juu ya mashamba ya chai, unapita juu ya nyumba, na hautui. Nangoja utue mpaka naamka.

Wacha niseme basi, kwa kuwa nimeshaanza. Ingekuwepo mashine hii siku ya ile fainali kwenye klabu ya Sotik, tungekuwa watu wengine mimi na wewe. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Arobaini-thelathini, pointi moja tu nimshinde Carolyne, niende Afrika Kusini kufunzwa miaka miwili. Nikaupiga ule mpira sambamba na mstari wa kushoto. Niliuona ndani. Na aliyenyoosha mkono na kuita auti alikuwa baba yangu mzazi. Mwamuzi mkuu alipokuja kutazama alama kwenye vumbi, ulikuwa umeshaikanyaga. Baada ya hapo mkono wangu ulikufa. Carolyne akachukua kombe, akachukua na safari.

Mashine haina mtoto, Baba. Inaita inachokiona.

Nenda ukafanyiwe upasuaji wa hayo macho.

Ni mimi binti yako,
Kwamboka


Keroka
9 Machi 2025

Mama yangu Kwamboka,

Nakuita mama kwa sababu ulibeba jina la mama yangu, na hata tukigombana jina halirudishwi.

Salamu zimefika. Huku mvua imeanza vizuri, ng'ombe amezaa ndume, na mimi ni mzima kuanzia shingoni kwenda chini. Kikohozi chako kichemshie tangawizi, usikidharau. Ukiona maandishi yangu yamenyooka, usidhani naona. Naweka rula ya bati chini ya kila mstari na kalamu inatembea juu yake. Mimi mtu wa mistari, nitatokaje nje?

Ni kweli nimelisalimia koti la Melissa lililotundikwa mlangoni. Mara mbili. Lakini hata wewe ungeliona lilivyosimama kwa heshima ungelisalimia. Macho yangu yametiwa maziwa, mama. Mwezi una pete tatu. Miti ya jirani inakuja karibu asubuhi na kurudi kwao jioni. Jana nilimwona mama yako akianua nguo, nikamwita, kumbe ni shuka. Nilikaa nikaitazama hiyo shuka muda mrefu. Si vibaya sana, huku niliko.

Sasa hiyo kazi yako. Umesema hakuna mtu kwenye mstari. Haya, na juani anasimama nani? Sisi tulisimama kwa saa tano bila kukojoa. Mtu akitukanwa ni sisi, akipigwa na mpira tumboni ni sisi. Na tulifunzwa ishara tatu. Mkono ukinyooshwa pembeni, mpira uko nje. Viganja vikilazwa chini, uko ndani. Mikono miwili ikiwekwa mbele ya macho, maana yake sikuuona, nilizibwa, mwamuzi mkuu aamue mwenyewe. Hiyo ya tatu mashine yako inayo? Niulizie.

Ule mpira ulikuwa nje. Nilisema nje na ni nje. Kazi haikuwa yangu siku ile, unakumbuka, mwenzangu Onyango aliamka na malaria na klabu ikakosa mtu wa kusimama mstari wa kushoto. Uwanja mzima ulijua wewe ni wa kwangu. Unafikiri ilikuwa rahisi? Miaka kumi na minane na bado unanihukumu, tena sasa umeajiriwa kabisa kazi ya kuhukumu!

Kuhusu hospitali, daktari amesema nikipitisha Septemba, jicho la kulia litakufa na la kushoto litalifuata. Nimemshukuru. Nimeona vya kutosha.

Baba yako,
Athanas


Al Mansoura, Doha
16 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, natumaini na wewe pia. Tangawizi nimechemsha.

Sitaandika mengi kwa sababu nina hasira, na wewe ndiye uliyenifundisha kutocheza na hasira.

Mama alirekodi ile mechi. Aliazima kamera ya kwaya ya kanisa, na kanda iko kwenye mkebe wa biskuti, chini ya vitambaa vyake. Niliiona siku ya mazishi yake, nikarudisha kifuniko. Naiomba. Mutai anasema picha ikiwa na mistari ya uwanja tunaweza kuiingiza kwenye kompyuta ikapime mpira ulitua wapi. Si kwa uhakika wa kamera kumi na mbili, lakini inatosha.

Unasema ulikuwa nje. Haya, usiogope. Joram wa kwa mama Ann anarudi Doha mwezi wa sita baada ya likizo, anaweza kuibeba.

Ukiwa sahihi, nitakuomba msamaha kwa magoti.

Binti yako,
Kwamboka


Keroka
30 Machi 2025

Mama,

Hatujambo. Wewe je?

Kanda ililiwa na panya.

Baba yako


Al Mansoura, Doha
27 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole na baridi ya mvua. Huku joto limeanza kuonyesha meno. Nafula, ninayekaa naye chumba kimoja, anakusalimu. Nimemsimulia habari ya koti, akacheka mpaka akaacha chapati ikaungua.

Sikutaka kukuandikia. Panya gani huyo anayefungua mkebe wa bati? Nilikasirika wiki tatu. Lakini kuna jambo limetokea kazini, na hakuna mtu mwingine duniani atakayelielewa isipokuwa wewe.

Jumamosi tulikuwa na mashindano madogo ya vijana. Mchana likaja vumbi. Si upepo wa kutisha, ni vumbi tu lililoning'inia, la rangi ya chai ya maziwa, na jua likawa kisahani cheupe unachoweza kukitazama. Kila kitu kikapungua sauti. Wasichana wawili walikuwa wanacheza, na mmoja, mwembamba hivi, alibakisha pointi moja ashinde. Baba yake alikuwa amesimama jukwaani peke yake, amejishika kichwa. Msichana akaupiga mpira sambamba na mstari wa kushoto.

Baba, nilisimama kitini.

Mpira ukatua. Sauti haikuita. Msichana akangoja, mwenzake akangoja. Nikatazama skrini, picha ya kamera mbili za upande ule ilikuwa ya kijivu tupu, vumbi limekaa kwenye vioo. Mwamuzi mkuu akaniuliza kwenye redio, "Mashine inasemaje?"

Nami nilikuwa nimeutazama kupitia dirishani. Au nilidhani nimeutazama. Sijui. Niliona ulikotua, halafu nikaona nilikotaka utue, na vyote viwili vilikuwa sehemu moja. Neno "ndani" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, nakuapia. Nani angejua? Nilimtazama yule baba mwenye mikono kichwani, na nikaona vibaya kumnyima.

Nikasema, "Haikuona. Na mimi sikuona."

Mwamuzi mkuu naye hakuuona. Sasa sheria ni hii, na hapa najibu swali lako la ishara ya tatu: mashine ikikosa, na mwamuzi akikosa, hakuna anayekisia. Pointi inarudiwa. Wakarudia. Msichana akakosa, na baada ya nusu saa akapoteza na mechi. Nilijiona muuaji. Lakini alipotoka, alikuwa anamsimulia baba yake jambo kwa mikono miwili, wote wanacheka, wakaishia ndani ya vumbi wakicheka. Nilikaa pale nikalia, Mutai akajifanya anatafuta waya chini ya meza.

Basi sikuulizi tena kama ulikuwa ndani au nje. Nakuuliza kitu ambacho sikuwahi kukuuliza.

Uliuona?

Mwanao anayekupenda, ujue hivyo,
Kwamboka


Keroka
22 Juni 2025

Mama yangu Kwamboka,

Amani iwe kwako. Kama Joram amekupa barua hii mkononi pamoja na kifurushi, mpe maji ya kunywa, ametoka mbali. Tuko wazima. Ndama ameanza kula nyasi. Nisamehe kwa kimya cha miezi miwili. Nilianza barua hii mara nyingi, rula ikateleza.

Kwenye kifurushi kuna kanda. Panya nilimsingizia.

Sikuuona.

Sasa nimeandika, wacha nimalize kabla sijaogopa. Nilikuwa nimesimama nyuma, mgongo umenyooka, mstari wa kushoto wote uko mbele yangu, ni mweupe, niliupaka chokaa mwenyewe asubuhi. Mwamuzi mkuu akasema arobaini-thelathini. Nikakuona ukidunda ule mpira chini mara nne, jinsi nilivyokufundisha. Nilijua ni wa mwisho. Ukauanzisha, Carolyne akaurudisha mfupi, ukakimbia mbele ukainua mkono. Na mimi, Kwamboka, mtu mzima, nimevaa beji, nimeajiriwa kutazama, nilifumba macho. Nilimwambia Mungu, huu tu. Sitakuomba mwingine. Huu tu.

Nilipofumbua, mpira ulikuwa umeshapita na vumbi linashuka. Watu wote wakageuka kunitazama.

Nilipaswa kuweka mikono mbele ya macho. Ishara ya tatu. Ni kitu cha sekunde moja. Lakini nikawaza, nikijiziba watasema Athanas anajificha kwa sababu ya mtoto wake. Nikisema ndani, watasema amempa. Nikaona njia moja tu ambayo hakuna mtu atakayenisema. Nikanyoosha mkono. Nikaita auti, kwa sauti kubwa kuliko siku zote, ili hata mimi niamini. Halafu mwamuzi mkuu alipoanza kushuka, nikasogea nikaikanyaga alama. Nilijifanya nimejikwaa. Sikutaka ajue, na sikutaka mimi nijue.

Jioni ile wazee wa klabu walinishika mkono. Wakasema huyu ni mtu wa haki, amemnyima hata mtoto wake. Nilitabasamu. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwamba nilitabasamu, na wewe ulikuwa umekaa kwenye gari umejifunika sweta kichwani.

Kanda sijawahi kuitazama. Mama yako aliitazama mara moja. Aliizima, akanigeukia, akanitazama kwa muda, kisha akaenda kuitia kwenye mkebe. Hakuniuliza neno hadi tukamzika. Sijui aliona nini humo.

Sasa unaelewa kwa nini sina haraka na hospitali. Jicho lililofumba siku lilipohitajika, nalo linaanza kufumba lenyewe. Nimeona ni sawa tu. Naliachia.

Itazame kanda. Ipitishe kwenye mashine yako. Itakachosema, niambie, uwe ndani uwe nje. Nataka kujua kabla giza halijafunga. Usinionee huruma.

Baba yako,
Athanas


Al Mansoura, Doha
13 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ingawa joto la huku sasa linakungoja mlangoni. Wewe je, umelala vizuri?

Barua yako niliisoma nimekaa kwenye ngazi. Nilikasirika, nikalia, nikakasirika tena, nikakunja barua nikaenda kununua nyanya nikasahau kuzilipia, yule muuzaji Mbangladeshi akanikimbiza hadi kona. Miaka kumi na minane nilidhani baba yangu hakunipenda vya kutosha kuona mpira wangu ndani. Kumbe ulikuwa unaniombea, mzee mjinga wewe! Nisamehe, nimeandika na siwezi kufuta. Na bado nakudai uchungu kwa ile alama uliyoikanyaga. Hiyo nimekusamehe nusu. Nusu nyingine bado naitafuta.

Kanda tumeitazama. Fundi mmoja wa mtaa wa Najma alitupatia kamera ya zamani, akaifungua, akaipuliza, kanda ikazunguka. Tuliiunganisha na skrini kubwa ya chumba chetu cha kazi, siku ambayo viwanja vilikuwa vitupu. Picha inatetemeka na rangi zimepauka, nyekundu ya vumbi imekuwa waridi, na mbingu ya Sotik nyeupe kabisa. Sauti ya Mama inasikika karibu na kamera, anapumua, anasema kitu kwa Kigusii ambacho sikukishika. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo kwa miaka sita. Mutai alitoka nje bila kuambiwa. Niliitazama pointi ile mara thelathini, au arobaini, nikairudisha polepole, picha moja moja, mpaka chumba kikapotea na mimi nikawa tena kwenye vumbi lile, viatu vya kuazima, misuli ya mkono inauma.

Majibu ninayo, Baba. Sitayaandika hapa.

Nimeyatia kwenye bahasha, na Nafula anaondoka kesho kwenda likizo, ataituma kutoka Nairobi. Nimeandika kwa maandishi yangu ya kawaida, tena yale madogo uliyokuwa ukiyalalamikia nikiwa shule. Ndani kuna na kitu kingine, cha kutazama. Kioo chako hakitasaidia. Melissa nimemwapisha, akikusomea hata neno moja, simjui tena.

Unataka kujua kama ulikuwa ndani au nje? Nenda ukafanyiwe macho, ufungue mwenyewe. Septemba si mbali.

Likizo yangu ni Desemba. Sijaamua.

Binti yako,
Kwamboka


Keroka
27 Julai 2025

Kwamboka,

Hatujambo, wala usituulize.

Bahasha imefika. Umenitega! Nimejaribu kioo. Nimejaribu kioo na jua. Nimejaribu kioo, jua na miwani ya marehemu babu yako. Nimemwahidi Melissa jogoo, akacheka akaenda kazini. Nimemsimamisha mtu mzima wa posta njiani, akasema maandishi haya ni ya sisimizi.

Ujeuri huu umeurithi kwa nani?

Athanas


Keroka
5 Oktoba 2025

Mama yangu Kwamboka,

Salamu nyingi kutoka kwa baba yako, anayekuandikia bila rula. Tazama. Nimetoka nje ya mstari mara mbili kwenye sentensi hii na ninaona kabisa nilipotoka.

Hali yangu ni njema. Melissa aliomba nisikuambie lolote mpaka bandeji itoke na daktari aridhike, na nikatii, kwa mara ya kwanza. Jicho la kulia lilifanywa tarehe nne Septemba, la kushoto wiki tatu baadaye. Walipofungua la kulia, kitu cha kwanza nilichokiona katika ulimwengu huu mpya ni doa la dawa kwenye kola ya dadako. Nikamwambia. Akalia, sijui kwa nini, doa lenyewe lilikuwa dogo.

Mama, kumbe mambo ni makali hivi? Majani ya chai yana ncha. Ndama ana nyota kwenye paji. Na mimi nimezeeka, jamani, mlikuwa mnanitazama hivi hivi mkanyamaza! Mwezi umebaki mmoja, mtupu. Nilizikumbuka zile pete zake kidogo, sikufichi. Kule kwenye maziwa mama yako alikuwa bado anaanua nguo.

Bahasha nilikaa nayo siku mbili mapajani. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kisu cha daktari. Halafu nikaifungua.

Nilianza na picha. Sikumtambua. Mtu wa miaka arobaini na kitu, kofia nyeupe, beji kifuani, amekaza macho kama mtoto anayechomwa sindano, na midomo yake imefunguka kidogo. Mbele yake mstari wangu wa chokaa unaishia kwenye ukungu. Mpira haupo. Wewe haupo. Ni yeye tu, amejaza picha yote. Nikamhurumia yule mtu kabla sijajua ni mimi.

Ndipo nikageuza nyuma nikasoma maandishi yako ya sisimizi. Nayanakili hapa ili ujue nimeyasoma kwa macho yangu: "Kamera haikuuona mpira, Baba. Mechi nzima Mama hakutazama mpira. Alikuwa anakutazama wewe. Mashine ikikosa, na mwamuzi akikosa, pointi inarudiwa."

Kwa hiyo alijua. Miaka kumi na miwili alinipikia, akanikemea, akanifulia ile fulana ya klabu, anajua. Nilikaa kibarazani na picha ile mpaka jua likahama. Nililia kwa macho mapya, ingawa daktari alikataza.

Sasa sikiliza. Ijumaa nilimwambia Melissa anipeleke Sotik, klabuni. Pamekufa pale. Nyasi zimeota uwanjani, wavu umebaki nguzo. Lakini ardhi ni ile ile nyekundu. Nikatembea hadi nyuma ya mstari wa kushoto, nikasimama pale pale. Kiti cha mwamuzi mkuu hakipo, hata hivyo nikakigeukia. Nikainua mikono miwili nikaiweka mbele ya macho. Ishara ya tatu. Nikakaa hivyo. Melissa akaja mbio akidhani jicho linauma, nikamwambia aniache kidogo, niko kazini.

Nikiwa nimejiziba hivyo niliona kila kitu: uwanja umejaa, chai ya kijani hadi mbinguni, mama yako ameinua kamera, na wewe umeinua mkono.

Nimemwomba meneja wa shamba la chai ruhusa. Tumeshafyeka upande mmoja na chokaa nimenunua. Carolyne ni mwalimu mkuu huko Bomet, nimempata kwa simu. Akasema yeye pia hakuwahi kulala vizuri na lile kombe, na kwamba goti lake moja ni bovu tangu Afrika Kusini lakini kwa pointi moja litamvumilia. Anakuja Desemba tarehe ishirini. Ameanza kufanya mazoezi, ana jeuri kama yako.

Mimi nitasimama kwenye mstari wangu. Ukiwa nje, nitaita nje. Ukiwa ndani, nitalaza viganja. Nikikosa kuuona, nitasema sikuuona mbele ya watu wote, na mtarudia hadi tuzeeke wote pale. Lakini sitafumba. Maombi nitayafanya asubuhi nikiwa napaka chokaa.

Njoo nyumbani, mama. Nusu uliyobakisha njoo uitafute hapa.

Arobaini-thelathini. Kuanzisha ni zamu yako.

Baba yako,
Athanas